Pamba ya Tarime na Serengeti: Ubora wa Ekari Moja Iliyopandwa Vema

Mvua za kwanza zinapoanza kunyesha katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, mkulima wa pamba hukabiliwa na uamuzi ambao hatapata nafasi ya kuurudia mpaka mwaka mwingine. Palizi ikichelewa huweza kufanywa kwa bidii zaidi juma linalofuata. Dawa ikikosekana leo huenda ikapatikana kesho. Lakini upandaji ukishapita umepita. Siku ambayo mbegu iliingia ardhini, nafasi iliyoachwa baina ya shimo na shimo, na idadi ya miche iliyobakizwa katika kila shimo, ni mambo yanayobaki na mmea tangu kuota hadi kuvunwa.

Kwa sababu hiyo mabwana shamba wamesisitiza kwa miaka mingi kanuni chache za upandaji bora: kupanda mapema, kupanda kwa mistari, kutumia mbegu iliyothibitishwa na kupunguzia miche. Kanuni hizi ni sahihi, lakini mara nyingi hazifuatwi. Wengi husema kwamba sababu ni ukaidi au ujinga wa mkulima. Maelezo hayo ni mepesi mno, na hayasaidii. Ni kweli zaidi kusema kwamba kanuni hizo zimezoea kumfikia mkulima kama amri isiyo na hesabu yake, na kwamba mkulima anayo hesabu yake mwenyewe ambayo haikuulizwa. Kazi ya kuzikutanisha hesabu hizo mbili inaweza kufanywa, tena kwa gharama ndogo sana, na shule za sekondari za wilaya hizo.

ARDHI ISIYOONGEZEKA

Yafaa kwanza kuitazama nchi yenyewe. Wilaya ya Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu, ni kubwa katika ramani. Lakini sehemu kubwa zaidi ya eneo lake si ya jembe. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na mwaka 1994 yakatangazwa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Vijiji vya Wangoreme, Wanata, Waikoma, Waisenye na Wakurya vimebaki katika ukanda wa magharibi na kaskazini, na wakulima wengi wa ukanda huo wanaujua vema uharibifu wa tembo mashambani.

Wilaya ya Tarime nayo ina mipaka ya namna yake. Kaskazini inapakana na Kenya. Nyanda zake za juu zina baridi na mvua nyingi, na huko mahali pake ni pa kahawa, migomba na mahindi. Pamba hupenda joto la nchi ya chini. Tena, wilaya ya Rorya ilipomegwa kutoka Tarime mwaka 2007, nchi ya kando ya Ziwa Viktoria iliingia katika wilaya mpya. Pamba ya Tarime, basi, ina nafasi ndogo kuliko ile iliyokuwa nayo katika ramani za zamani.

Katika nchi ya namna hii haiwezekani kuongeza mavuno kwa kuongeza ekari bila kikomo. Hata hivyo ndiyo njia ambayo kilimo cha pamba nchini kimeifuata kwa muda mrefu. Msimu wa 2005/06 Tanzania ilivuna takriban tani 376,000 za pamba mbegu, kwa kuwa ekari zilikuwa nyingi na mvua ilikuwa ya kuridhisha. Misimu iliyofuata mavuno yalipanda na kushuka, na zaidi ya mara moja yalikuwa chini ya nusu ya kiasi hicho. Mavuno yanayotegemea wingi wa ekari huondoka pamoja na ekari hizo bei inaposhuka au mvua inapokata.

Wakati huo wote wastani wa mavuno kwa ekari moja umebaki kuwa kilo 200 hadi 300 tu, ingawa shamba lililotunzwa vema huweza kutoa kilo 1,000 au zaidi. Tofauti hiyo ndiyo ardhi mpya ya Tarime na Serengeti. Imo ndani ya mashamba yaliyokwisha kulimwa.

KWA NINI KUPANDA MAPEMA

Katika ukanda wa pamba wa magharibi, unaojumuisha mkoa wa Mara, wataalamu wanashauri pamba ipandwe baina ya tarehe 15 Novemba na tarehe 15 Desemba. Mwanafunzi hana budi kuuliza: kuna nini katika tarehe hizo? Jibu limo katika tabia ya mmea wenyewe.

Kwa asili yake mpamba si mmea wa mwaka mmoja. Ukiachwa huendelea kuishi, nao hutoa maua kidogo kidogo, tawi baada ya tawi, maadamu upo unyevu wa kutosha. Kwa kawaida ua la kwanza hufunguka miezi miwili hivi baada ya mche kuota. Tangu ua kufunguka mpaka kitumba kupasuka hupita takriban siku 50. Ina maana kwamba kila ua linalochelewa hutoa kitumba kinachochelewa. Mpamba uliopandwa mapema hupata muda wa kujaza matawi yake ya chini na ya kati wakati ardhi ingali na maji. Uliopandwa mwishoni mwa Januari huanza kutoa maua wakati ambapo siku za mvua zilizobaki ni chache. Maua mengi hupukutika, na vitumba vya juu hubaki vidogo na vyepesi.

Sababu ya pili ni wadudu. Funza wa vitumba huongezeka kadiri msimu unavyoendelea, kizazi juu ya kizazi. Shamba lililopandwa mapema huwa limekwisha komaza sehemu ya vitumba vyake kabla wadudu hawajawa wengi. Shamba lililochelewa huwapokea wadudu hao likiwa bado laini, na juu ya hayo huwapokea na wale waliokwisha kulelewa katika shamba la jirani. Hivyo kupanda si jambo la mtu mmoja tu. Kijiji kinachopanda katika majuma yale yale huwanyima wadudu chakula cha kuhamia. Ndiyo maana pia ipo sheria ya kung'oa na kuchoma maotea ya pamba ifikapo tarehe 15 Septemba. Shina la zamani likiachwa shambani huwa daraja ambalo wadudu na magonjwa hulipita kutoka msimu mmoja kwenda mwingine.

Hata hivyo tarehe si mungu. Mkoa wa Mara hupata mvua za vuli na za masika, na baina yake huweza kuwa na kipindi kikavu. Tena mvua hupungua kadiri mtu anavyokwenda kusini-mashariki kuelekea mbuga za Serengeti. Mkulima wa bonde la mto Mara na mkulima wa upande wa Mugumu hawawezi kupewa siku moja. Kinachoweza kusemwa kwa wote ni hiki: shamba liwe limekwisha tifuliwa kabla, ili mvua ya kutosha itakapoanguka ndani ya kipindi hicho, siku ya kupanda isigeuke kuwa siku ya kuanza kulima.

MISTARI, MASHIMO NA HESABU

Kanuni ya pili ni nafasi. Kwa miaka mingi mkulima alishauriwa kuacha sentimita 90 baina ya mistari na sentimita 40 baina ya mashimo, kisha abakize miche miwili katika kila shimo. Katika miaka ya karibuni ushauri umebadilika: sentimita 60 baina ya mistari na sentimita 30 baina ya mashimo, miche ikiwa miwili vile vile.

Hesabu yake ni rahisi. Katika nafasi ya zamani kila shimo lina eneo la mita za mraba 0.36, katika nafasi mpya lina 0.18, yaani nusu kamili. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Kwa hiyo nafasi ya zamani inatoa mashimo 11,240 hivi kwa ekari, na nafasi mpya inatoa mashimo 22,480 hivi. Miche nayo huongezeka kutoka 22,480 hadi 44,960.

Mpamba mmoja mmoja katika shamba lililosongamana hubeba vitumba vichache zaidi kuliko mpamba wenye nafasi kubwa. Lakini shamba zima huweza kubeba vingi zaidi, na vingi kati ya hivyo hukaa karibu na shina, mahali ambapo vitumba hukomaa mapema. Tena majani hufunika ardhi upesi, jua halifiki chini, na magugu hupungua. Hizo ndizo faida.

Hasara nazo zisifichwe. Mashimo yakiwa maradufu, kazi ya kupanda na ya kupunguzia huwa maradufu pia. Ikichukuliwa, kwa mfano tu, kwamba shimo moja linahitaji sekunde 10 kuchimbwa, kuwekwa mbegu na kufukiwa, ekari ya nafasi ya zamani itachukua saa 31 za mtu mmoja, na ekari ya nafasi mpya itachukua saa 62. Liko pia suala la maksai. Wakurya na jirani zao ni watu wa ng'ombe na wa plau. Palizi la kukokotwa na ng'ombe hupita kwa urahisi katika mistari ya sentimita 90, lakini katika mistari ya sentimita 60 nafasi yake ni finyu. Mkulima anayerudi katika jembe la mkono kwa ajili ya palizi amelipa gharama ambayo haionekani katika kipeperushi chochote.

Lakini hesabu isiishie hapo. Na wachukuliwe wakulima wawili. Wa kwanza amepanda ekari tatu kwa nafasi ya zamani, kwa kuchelewa na bila kupunguzia, akapata kilo 250 kwa ekari: jumla kilo 750. Wa pili amepanda ekari moja tu kwa nafasi mpya, mapema, akaipunguzia na kuipalilia vema, akapata kilo 750 katika ekari hiyo. Pamba yao ni sawa. Ila yule wa kwanza alitumia saa 93 kupanda, na wa pili alitumia saa 62. Wa kwanza alilima ekari tatu, akapalilia ekari tatu, akatafuta dawa ya ekari tatu. Wa pili amebakiwa na ekari mbili za mtama, mihogo au mahindi. Upandaji bora, ukipimwa hivi, hauongezi mzigo wa kazi. Huukusanya mahali padogo ambapo unaweza kumalizika kwa wakati wake.

MBEGU NA MOYO WA KUPUNGUZIA

Mbegu ya pamba ya Tanzania ina historia ya kujivunia. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kimefanya kazi ya pamba tangu miaka ya 1930. Huko ndiko zilikochaguliwa aina zenye majani ya manyoya, ambayo huwasumbua jasidi, wadudu wadogo warukao wanaofyonza utomvu wa majani. Na huko ndiko zilikotafutwa aina zenye kustahimili ugonjwa wa bakteria na mnyauko. Herufi UK katika jina la mbegu UK 91 ni kumbukumbu ya Ukiriguru, na tarakimu zake zaonyesha mwaka 1991. Baadaye ilifuata UKM08, ya mwaka 2008.

Mbegu itokayo kiwandani baada ya nyuzi kuchambuliwa hubaki na manyoya mafupi. Hung'ang'aniana, hainyonyi maji upesi, wala haihesabiki kwa urahisi mkononi. Mkulima huchota konzi na kutia katika shimo bila kujua ametia ngapi. Mbegu iliyoondolewa manyoya kwa tindikali ni tofauti. Huwa laini na nyeusi. Zilizo nyepesi na zisizokomaa zaweza kutenganishwa kwa kuelea majini. Na zilizobaki huhesabika moja moja. Kiasi kinachohitajika kwa ekari hupungua sana. Ubaya wake ni kwamba shimo likiwa na mbegu chache, mbegu moja mbovu ina madhara makubwa. Kwa hiyo mbegu yoyote, ya aina yoyote, ijaribiwe kabla ya kupandwa: mbegu 100 ziwekwe katika kitambaa chenye unyevu kwa juma moja, kisha zilizoota zihesabiwe. Jaribio hilo halihitaji maabara.

Kazi inayofuata ndiyo ngumu kuliko zote, ingawa haihitaji nguvu. Miche inapokuwa na umri wa majuma mawili hadi matatu, ardhi ikiwa na unyevu, yote iliyozidi miwili katika kila shimo haina budi kung'olewa. Mkulima aliyengojea mvua kwa miezi mitano huona uchungu kung'oa mche wenye afya. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye. Miche sita katika shimo moja hugombania maji yale yale, rutuba ile ile na mwanga ule ule. Yote hurefuka kwa wembamba, na yote hutoa vitumba vichache. Aliyeihurumia miche minne kwa kweli amewanyima chakula wale wawili waliokuwa warithi halali wa shimo.

AMRI NA HOJA

Ikiwa mambo haya ni wazi hivyo, kwa nini hayajaenea? Historia ya pamba katika Tanzania inatoa somo ambalo lisisahauliwe. Vita vya Maji Maji vilianza mwezi Julai mwaka 1905 huko Nandete, katika nchi ya Wamatumbi, kwa watu kung'oa miche ya pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima. Huko mbali na Mara pamba ilikuwa alama ya kulazimishwa, na kuing'oa ilikuwa lugha ya kukataa.

Somo la karibu zaidi liko upande wa kusini wa Ziwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa maendeleo wa Usukumani. Mpango huo uliandamana na sheria ndogo ndogo nyingi: watu watumie samadi, walime kwa matuta yaliyofungwa ili kukinga maji, wapunguze mifugo. Baadhi ya mashauri hayo yalikuwa na msingi mzuri wa kisayansi. Majaribio ya Ukiriguru juu ya samadi na mbolea, ambayo Peat na Brown waliyachapisha mwaka 1962, yalionyesha faida ya samadi katika pamba. Hata hivyo sheria hizo zilichukiwa, na kabla ya Uhuru zilikuwa zimeporomoka.

Lakini jambo la kustaajabisha ni kwamba katika miaka ile ile kilimo cha pamba chenyewe kilipanuka kwa kasi. Vyama vya ushirika vilienea, vikaungana mwaka 1955 katika shirikisho la Viktoria lililoongozwa na Paul Bomani, na mkulima akaona mizani yake mwenyewe na fedha yake mwenyewe. Ni dhahiri kwamba wakulima walizikataa amri, hawakuikataa pamba. Walikubali lile ambalo faida yake waliweza kuiona na kuipima.

Baada ya Uhuru, azimio la Siasa ni Kilimo, lililotolewa Iringa mwaka 1972, lilihimiza kilimo bora nchi nzima, na kanuni za mistari na nafasi zikafika kila kijiji. Lakini kanuni inayohimizwa bila kuonyeshwa hubaki wimbo: hukaririwa mkutanoni, ikaachwa njiani wakati wa kurudi shambani.

HOJA ZA MKULIMA ZISIKIWE

Mkulima anayechelewa kupanda pamba mara nyingi ana sababu iliyo nzuri. Mvua ile ile inayoita pamba huita pia mahindi na mtama, na hakuna mzazi mwenye akili atakayetanguliza nyuzi wakati ghala ya chakula i tupu. Wanawake, ambao hubeba sehemu kubwa ya kupanda, kupalilia na kuvuna, hawana saa za ziada za kuongezewa katika majuma hayo. Mwenye maksai hulima kwake kwanza, na asiye nao hungojea zamu ya kuazima au kukodi. Mtu wa namna hii akiambiwa “panda mapema” ameambiwa jambo analolijua. Hajaambiwa namna ya kuliweza.

Iko pia sababu ya bei. Mwaka 2019 bei elekezi ya pamba ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya soko la dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi wakangojea malipo yao kwa muda mrefu. Mkulima aliyengojea hivyo hawezi kulaumiwa akiyatanguliza mahindi msimu unaofuata. Mavuno mengi katika ekari hayaondoi wajibu wa wanunuzi kulipa kwa wakati, wala wajibu wa Bodi ya Pamba kusimamia soko na ubora wa mbegu. Lakini hata hapa ekari moja ina faida kuliko tatu: bei ikiwa mbaya, aliyetumia jasho la ekari moja amepoteza kidogo kuliko aliyetumia jasho la ekari tatu, na chakula chake kingali shambani.

Kwa hiyo ushauri unaofaa wilaya hizi uwe na maneno tofauti kidogo na yale yaliyozoeleka. Badala ya “panda pamba nyingi, panda mapema”, useme: “panda pamba kidogo kiasi cha kuweza kuipanda mapema, na uipande kwa hesabu.”

SHAMBA LA SHULE KAMA MAABARA

Hapa ndipo walimu na wanafunzi wanapoingia. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka shule iwe na shamba. Mara nyingi shamba hilo limekuwa la kuzalisha chakula tu, na wakati mwingine limekuwa mahali pa adhabu. Linaweza kuwa maabara ya kijiji.

Jaribio lenyewe si gumu. Vipande vya shamba vyenye upana wa mita 5.4 na urefu wa mita 6 vinatosha. Upana huo umechaguliwa kwa sababu hugawanyika sawasawa kwa sentimita 90 na kwa sentimita 60: kipande cha nafasi ya zamani kitakuwa na mistari 6 yenye mashimo 15 kila mmoja, jumla 90, kipande cha nafasi mpya kitakuwa na mistari 9 yenye mashimo 20, jumla 180. Yawepo makundi manne: nafasi ya zamani iliyopandwa mapema, nafasi ya zamani iliyopandwa majuma manne baadaye, nafasi mpya iliyopandwa mapema, na nafasi mpya iliyochelewa. Kila kundi lirudiwe mara tatu, na mahali pa kila kipande pachaguliwe kwa kura, ili upande wenye rutuba usipendelee kundi moja. Vipande vyote 12 havifikii sehemu ya kumi ya ekari, bila kuhesabu njia. Kuzunguka shamba zima upandwe mstari mmoja wa ukingo, ambao hautapimwa.

Vifaa ni kamba iliyofungwa mafundo kwa vipimo, rula, daftari, kipimamvua na mizani. Yaandikwe mambo haya: mvua ya kila siku, idadi ya mashimo yaliyoota, tarehe ya ua la kwanza, idadi ya vitumba katika mipamba kumi, na uzito wa pamba ya kila kipande. Uzito wa kipande ukizidishwa kwa 125 hutoa makadirio ya kilo kwa ekari. Kipande kilichotoa kilo 2 ni sawa na shamba la kilo 250; kilichotoa kilo 6 ni sawa na shamba la kilo 750. Na lisisahauliwe jambo ambalo majaribio mengi huliacha: dakika za kazi. Kila saa ya kupanda, ya kupunguzia na ya kupalilia iandikwe, ili mwishoni ijulikane kilo ngapi zilipatikana kwa kila saa ya jasho. Hiyo ndiyo hesabu ya mkulima.

Ugumu wa kweli ni kalenda. Mwezi Desemba shule hufungwa, na huo ndio wakati wa kupanda kipande cha pili, kupunguzia na kupalilia. Shule itakayofanya jaribio hili haina budi kupanga zamu za wanafunzi wanaokaa karibu. Ikiwa haiwezi, ni afadhali isianze, kwani jaribio lililotelekezwa hufundisha kijiji kwamba sayansi nayo huchelewa.

Siku ya kupima, wazazi na waalikwe. Wasihutubiwe. Waachwe watembee baina ya vipande, wahesabu vitumba kwa vidole vyao, washike mizani. Matokeo yakionyesha kwamba nafasi mpya haifai katika udongo fulani wa Serengeti, au kwamba palizi la maksai lina thamani kubwa kuliko mistari ya sentimita 60 katika kijiji fulani cha Tarime, hayo nayo yatangazwe bila haya na yapelekwe kwa bwana shamba. Ushauri uliotoka katika utafiti wa Ukiriguru hauvunjiwi heshima kwa kupimwa tena Mugumu au Nyamwaga. Kwa njia hiyo hiyo ndiyo ulivyopatikana.

Mwanafunzi aliyeshika kamba ya mafundo kwa misimu miwili atarudi nyumbani na kitu ambacho hakuna mkutano uliowahi kumpa mzazi wake: namba zilizopimwa katika udongo wa kwao. Akiweza kusema kwamba ekari moja ilileta kilo kadhaa kwa saa kadhaa za kazi, na kuonyesha daftari lake, mzazi atakuwa na jambo la kulipima, naye ataamua mwenyewe. Na ardhi baina ya mpaka wa hifadhi na mpaka wa nchi, ambayo haiongezeki, itakuwa imeanza kulimwa kwa akili iongezekayo.